Fito Saba za Kona ya Hengja

Kibanda cha Barabara, Storheia
Alhamisi, 11 Februari 1993

Dada yangu Åshild,

Pokea salamu zangu kutoka juu ya mlima, wewe na shemeji Kåre na mpwa wangu Vegard, ambaye kwa picha uliyonitumia naona meno ya mbele yameshaota na masikio bado yanasubiri kichwa kiyafikie. Natumai kile kikohozi ulichoniandikia habari zake kimekuachia, na kama hakijakuachia, acha ukaidi uende kwa daktari. Huku kwetu tu wazima. Baba hajambo, ila nyonga inamuuma kila upepo ukigeuka, na amenuniana na paka kwa sababu ambayo hakuna kati yao anayetaka kuisema. Mimi pia ni mzima wa mwili.

Barua yako ya Januari niliipata, pamoja na karatasi za shamba. Nimezisoma mpaka zimechakaa pembeni. Umeandika kwamba wewe ndiye mkubwa na shamba ni haki yako kwa sheria na kwa desturi, lakini unaniachia mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki, ndiye niliyemtunza Baba miaka yote tisa tangu ajali. Umesema unaona aibu kulala usingizi mzuri mjini huku mdogo wako amejifunga mlimani kwa ajili ya mzee asiye na shukrani, mzee ambaye hata Krismasi ulipompigia simu hakutaka kuipokea. Umetaka nitie saini kabla Februari haijaisha. Dada, karatasi hizo ninazo hapa, zimo ndani ya mfuko wangu pamoja na soksi, na siwezi kuzitia saini. Sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie kurasa zote hizi. Nakuomba uzisome peke yako mpaka mwisho, halafu ndiyo umwite shemeji.

Kwanza nikueleze niko wapi. Jumatatu asubuhi nilipanda mlima na Oddvin kusimamisha fito zilizoangushwa na upepo wa wiki iliyopita. Oddvin unamkumbuka, yule aliyekuwa akiendesha lori la pili nyuma ya lori la Baba. Huu ni mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na tumbo lake sasa linafika kwenye usukani kabla yake. Saa sita mchana dhoruba ilishuka, vizuizi vya barabara vikafungwa pande zote mbili za mlima, nasi tukakimbilia kibandani. Tangu hapo hatujatoka zaidi ya hatua kumi. Leo ni siku ya nne.

Madirisha yote mawili yamezibwa na theluji, kwa hiyo tunajua kumekucha kwa kutazama saa ya ukutani. Mlango unafunguka kwa ndani, kama milango yote ya huku juu, na kila asubuhi tukiufungua tunakuta ukuta mweupe umechorwa alama za mbao za mlango. Oddvin huusalimia. Husema, "Umeamkaje, jirani?" kisha anachukua sepetu. Kahawa ya kweli iliisha jana, sasa tunachemsha mashapo yaleyale kwa mara ya tatu na kusifiana kwa upishi. Kumebaki jibini ya kahawia na mikate mikavu, makopo ya nyama ya kondoo yamekwisha. Tumecheza karata mpaka najua sura ya kila karata anayoiba. Juzi aliniambia, "Mke wangu akisikia nimelala siku mbili chumba kimoja na mwanamke, atakuhurumia wewe."

Nacheka, lakini Dada, nimechoka, na ninakwambia wazi kwa sababu sijawahi kukwambia. Kukaa humu hakunitishi. Kilichonitisha ni kwamba siku ya pili niligundua sioni tofauti. Kule nyumbani pia kuna chumba kimoja chenye joto, mzee mmoja, saa ya ukutani, na mlango ambao ninaweza kuufungua lakini siendi popote. Nikienda dukani wanawake wananishika mkono na kusema heri mzazi aliyepata binti kama Jorunn. Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri ya siku ya akina mama, mimi ambaye sina hata mtoto. Kila wanaponisifu nahisi kama mtu anageuza ufunguo mara moja zaidi. Na wewe barua yako ilikuwa ndiyo kufuli lenyewe, ingawa uliifunga kwa utepe.

Sasa nikuambie habari ya fito, maana wewe uliondoka kabla hujapewa kazi hiyo, nami nilipewa siku uliyoondoka. Kila Oktoba nazisimika, elfu mbili na mia tatu, kutoka kizuizi hadi kizuizi. Ni fito za mianzi, ndefu kuliko mimi, zimefungwa utepe unaong'aa kichwani, na kila moja inakaa nusu mita kutoka ukingo wa lami. Dhoruba ikishuka dereva haoni barabara, haoni mlima, wakati mwingine haoni hata lile bapa la chuma la kusukumia theluji lililo mbele ya lori lake mwenyewe. Anaona ufito mmoja, halafu wa pili, na bapa lake analipitisha kando yake. Dereva wa huku anaweza kutilia shaka macho yake na akili yake na dini yake, lakini ufito hautilii shaka.

Kanuni ni moja tu: pima kutoka kwenye lami, halafu toboa shimo jipya. Mei tunapong'oa fito, mashimo ya zamani hubaki, na Oktoba inayofuata yanakutazama tu. Shimo la zamani limejaa tope, ufito unaingia bila nguvu, wala huna haja ya kuwasha mashine ya kutobolea. Kila msimika fito amewahi kuyatamani. Ila ardhi ya huku hupumua, baridi huisukuma, barabara nayo hutengenezwa na kusogezwa, na shimo la mwaka jana halijui lolote kuhusu mwaka huu.

Baba, kama unavyojua, haongei sana. Lakini kila Oktoba, kila jioni ninaporudi na matope mpaka magotini, huniuliza swali moja kabla sijavua viatu. Huuliza, "Mashimo mapya?" Nami hujibu, "Mapya, Baba." Hunitazama kidogo, kama mtu anayengoja sahani ya pili, kisha hurudi kwenye redio yake. Nadhani unaijua ile redio, ni zawadi waliyompa madereva wenzake alipoachishwa kazi, inayosikiliza mazungumzo ya malori ya theluji. Haisemi, inasikia tu. Huketi nayo jikoni majira yote ya baridi, na kila saa sita mchana husikiliza vituo vyote vikitoa ripoti. Kwa miaka tisa nimelichukia lile swali lake. Nilidhani ananikumbusha kwamba haniamini.

Jana mchana, kwa kukosa la kusema, nilimwonyesha Oddvin karatasi za shamba. Nilimwambia dada yangu ananipa kila kitu na mimi natafuta namna ya kukataa bila kuonekana mwendawazimu. Alizisoma akiwa amevaa miwani yangu, kwa kuwa yake aliikalia Jumanne. Akazirudisha akasema nitie saini tu, niache maringo, shamba ni langu kwa haki. Ndipo akaongeza, akiwa anakata jibini wala hanitazami, "Mzee amekulipia ghali vya kutosha. Usiitupe bei aliyolipa."

Nikamuuliza amenilipia nini. Kisu kikasimama. Akasema, "Basi, tucheze karata." Nikamwambia sichezi. Akasema anatoka kusafisha bomba la moshi. Nikamkumbusha kwamba mlango umezibwa. Dada, huo ndio uzuri pekee wa kufungiwa na mtu, hana pa kukimbilia. Nilimkalia kooni mpaka saa kumi, na mwisho akaitupa miwani yangu mezani akasema, "Nilidhani alishakwambia! Miaka tisa mnakula meza moja, mnaongea nini nyie?" Nikamwambia ukweli, kwamba tunaongea kuhusu paka.

Kabla sijakwambia alichonieleza, ni lazima nikwambie mimi nilichokifanya, maana yeye alikuwa na nusu ya habari na mimi nina nusu nyingine. Hapa, Dada, vuta kiti.

Unakumbuka ubatizo wa Vegard, Oktoba ile ya themanini na tatu, nilivyofika kwako Jumamosi usiku nikiwa nimelowa? Siku hiyo nilikuwa nimetoka Hengja. Kiangazi kile kona ya Hengja ilikuwa imejengwa upya. Maji ya theluji yalikuwa yamekula ukingo wa nje, upande wa bonde, nao wakaisogeza lami ndani kwa hatua mbili za mtu mzima. Asubuhi Baba aliniambia akifunga viatu, "Hengja utoboe mapya, barabara imehama." Nikamjibu nimesikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimeshasikia kila kitu.

Nilifika pale saa nane mchana. Mvua ya barafu ilikuwa ikinichapa usoni, ncha ya mashine imekuwa butu, na basi la kuja kwenu lilikuwa linaondoka saa kumi. Zilibaki fito saba, zote za kona. Mashimo ya mwaka uliotangulia yalikuwa palepale kwenye ukingo wa zamani, yamejaa tope. Nilizisimika zote saba kwa dakika tano. Sikukosea, Dada, usije ukanitafutia kisingizio hicho. Nilijua ninachofanya, na nilijiambia Jumatatu nikirudi nitazihamisha. Jumapili, wakati mchungaji anammiminia Vegard maji, theluji ilianguka mlimani, na Jumatatu ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Ili kuzihamisha ningelazimika kuomba mashine kubwa, na nikiomba ningelazimika kusema kwa nini. Sikusema. Kila siku nilisema kesho. Lami ilishafunikwa, na lami ikishafunikwa, fito ndiyo barabara.

Siku kumi baadaye ilikuja dhoruba ya kwanza ya kweli, na Baba akapanda na lori kwa mara ya kwanza msimu ule. Yaliyofuata unayajua, ama ulidhani unayajua, kama mimi.

Mkaguzi alifika siku ya tatu upepo ulipotulia. Alipima fito za Hengja na kuandika kwamba zote saba zilikuwa nusu mita kutoka kwenye lami, sawasawa na kanuni, kwa hiyo kosa ni la dereva. Niliposikia habari hiyo nilikuwa nakamua ng'ombe, nikajikuta nimekaa kwenye kinyesi. Nilijua si kweli. Lakini Dada, mtu akiambiwa jambo analolitamani hulishika kwa mikono miwili. Nikajiambia labda nimekumbuka vibaya, labda mashimo ya zamani niliyatumia kona nyingine. Sikwenda kutazama. Na Mei, siku ya kung'oa, nilikuta pale Hengja fito zimeshaondolewa, nikasema watu wa kijijini wamezichukua kwa ajili ya maharagwe yao, kama wanavyofanya kila mwaka, nikafurahi kwamba sikulazimika kuona zilikuwa zimesimama wapi.

Sasa sikiliza alichonieleza Oddvin. Nitakiandika kwa maneno yake kama ninavyoyakumbuka, maana sikulala usiku kucha kwa kuyarudia.

"Mimi nilikuwa nyuma yake, mita mia labda. Naona taa yake, mara siioni. Nikasimama, nikashuka na kamba kiunoni. Lori liko chini limelala ubavu, yeye ametokea dirishani yuko kwenye theluji, mguu umeangalia kusikoeleweka. Nikateremka kwa makalio. Nikamwambia, Halvard, tulia, nakwenda kuita watu redioni. Akanikamata kola. Akasema, 'Huiti mtu. Panda juu, ng'oa fito zote saba, zisogeze kwenye lami. Nusu mita. Ukimaliza ndiyo uite.' Nikamwambia, wewe umegonga kichwa. Akasema, 'Ni za mtoto wangu, Oddvin.' Sasa ningefanyaje? Nikapanda. Nikachimba theluji kwa mikono mpaka nikaiona lami, nikazishindilia fito kwenye theluji ngumu, moja moja. Nikichelewa ananipigia kelele kutoka chini, 'Ya ngapi hiyo?' Nasema ya nne. 'Imenyooka?' Imenyooka, mjinga wewe, unakufa! Dakika arobaini, binti. Arobaini, kwa baridi ile."

Mei Oddvin alitangulia kwenda Hengja mwenyewe kuziokota, maana theluji ilipoyeyuka zilikuwa zimelala chini kama walevi, na mtu mwenye macho angeelewa kwamba hazikuwahi kuingia ardhini.

Dada, unamkumbuka yule daktari aliyetuuliza kwenye korido ya hospitali kwa nini msaada uliitwa kwa kuchelewa kiasi kile, kwamba angeletwa mapema nyonga ingepona? Wewe ulipata jibu lako palepale. Ulisema alikuwa amelewa na Oddvin alingoja pombe imtoke kidogo. Ulikuwa na sababu, sikulaumu, baada ya kifo cha Mama sote tuliona chupa zile. Lakini wakati wa ajali alikuwa ana miaka miwili hajagusa tone. Uliingia chumbani ukamuuliza mbele ya muuguzi kama alikuwa amekunywa. Akakutazama kwa muda, kisha akageukia ukutani. Ripoti haikutaja pombe. Sisi ndio tulioitaja, wewe ukaenda nayo mjini, na bonde lote likasaidia kuibeba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na maua ya mgonjwa mkononi, na nilinyamaza.

Unaweza kudhani nililia jana. Sikulia, nilikasirika. Nilimchukia Baba kwa saa nzima. Nani alimwomba? Ningepigwa faini, ningesemwa, ningefukuzwa, ningekuja kwako Trondheim nikalala kwenye kochi lako na kuanza upya kama watu. Yeye alinifungia ndani ya wema wake, na mimi bila kujua nikajifungia na woga wangu, na kila mmoja akawa mlinzi wa mwenzake. Wahenga walisema wajenga nyumba moja hawagombanii fito. Sisi hatukuzigombania hata kidogo, Dada. Ingekuwa heri tungezigombania.

Ndipo nikakumbuka swali lake. Mashimo mapya? Oktoba tisa, jioni zote zile, mzee ananiuliza kabla sijavua viatu, halafu ananitazama na kungoja. Hakuwa anakagua kazi yangu. Alikuwa ananifungulia mlango, kidogo tu, kiasi cha mtu kupitisha mkono, na mimi kila mara nilijibu kuhusu mwaka huo na kuufunga.

Leo saa sita mchana ilikuwa zamu yetu kutoa ripoti. Oddvin ndiye hutoa, lakini nilimwomba kipaza sauti, naye akanipa akidhani nimechoka kukaa bure. Bergljot wa kituo kikuu aliita, "Storheia, tunawasikiliza." Nikasema upepo ni wa kaskazini magharibi, nguvu zilezile, haionekani hata mita moja, watu wawili, wote wazima. Akasema imepokelewa. Nikasema nina nyongeza. Akasema niendelee.

Nikasema, "Tarehe mbili Novemba mwaka themanini na tatu, lori la Halvard lilianguka Hengja. Fito za kona zilikuwa zimesimikwa kwenye mashimo ya zamani, hatua mbili nje ya lami. Alizifuata kama dereva anavyopaswa. Hakuwa amelala wala hakuwa amekunywa. Fito nilizisimika mimi, Jorunn, na nilijua. Baada ya ajali zilihamishwa ili nisijulikane. Mwisho wa nyongeza."

Oddvin aliketi taratibu kama mtu anayekalia mayai. Unajua kwamba saa hiyo wanasikiliza madereva wote wa wilaya, na nusu ya majiko ya bondeni. Nilihesabu mpaka kumi na saba. Kisha Bergljot akasema, kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Imepokelewa, Storheia," akaita kituo kinachofuata.

Oddvin alisema, "Pensheni yangu ilikuwa imebaki miezi minne." Nikamwambia sikumtaja jina. Akasema hakuna mjinga bondeni anayedhani fito zilitembea zenyewe. Halafu akafungua kopo la mwisho la nyama, lile alilokuwa ameficha nyuma ya jiko, akaligawa katikati kwa haki, akanipa upande wenye mafuta.

Simu ya ukutani ililia kabla hatujamaliza. Nilijua ni nani, kwa sababu mtu mwingine angeanza kwa kusema jina lake. Nilisikia anapumua. Kisha Baba akasema, "Umeniharibia kazi ya miaka tisa."

Nilisema najua. Nikasema nisamehe, Baba, si kwa hii ya leo, kwa ile. Nilisikia saa ya jikoni kwetu ikigonga nyuma yake. Nikadhani amekwenda. Kisha akauliza kama mwaka huu Hengja nilitoboa mapya. Nikasema mapya, Baba. Akauliza yote? Nikasema yote saba, nilipima mara mbili, ninayapima mara mbili kila mwaka tangu siku ile. Akasema, "Najua. Nimekuona kutoka dirishani." Na baada ya hapo aliniambia barabara ikifunguliwa nishuke taratibu, na kwamba paka amerudi kulala miguuni pake, nadhani ili niwe na habari njema.

Hivyo ndivyo ilivyo, Dada. Karatasi nakurudishia ndani ya bahasha hii bila saini. Usinipe shamba kama zawadi ya wema, maana umeona wema wenyewe. Kama tutagawana au tutauza au nitabaki, tutazungumza watatu, mezani. Sijui kama nataka kubaki. Kwa miaka tisa sikuwahi kujiuliza nataka nini, na leo nikijiuliza naona giza tu, kama dirisha hili. Sijui watu wa dukani watanipa uso gani. Ofisi ya barabara bila shaka itaniandikia. Wewe pia una haki ya kunikasirikia mwaka mzima ukipenda, na ukija Pasaka ukanipiga kofi, sitakwepa. Nakuomba tu hasira yangu uitenge na yake. Ile uliyomwekea yeye haikuwa yake.

Oddvin anasema upepo umeanza kugeuka kusini. Amesema hivyo kila siku tangu Jumanne, lakini leo na mimi nausikia. Barua hii nitaiweka posta nikishuka. Nisalimie shemeji Kåre, na Vegard mwambie mama yake mdogo anampenda, asijue kwa sasa mengine yote. Oddvin anakusalimu na kuuliza kama mjini kuna mtu anayeuza miwani.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mpigie Baba. Uliniandikia kwamba Krismasi ulimpigia, ikaita mara tano, ukajua hataki. Nilikuwa zizini, sikuisikia, lakini nilipoingia nilimkuta amesimama ukumbini ameegemea ukuta, mkono juu ya simu iliyonyamaza. Kutoka kwenye kiti cha jikoni mpaka kwenye simu, kwa nyonga ile, ni miito saba. Nimehesabu. Usikate.

Ni mimi mdogo wako,
Jorunn